Saa Moja Nyuma

Alizaliwa wapi na nani, sijui, na sitaki kuambiwa. Alitujia mtu mzima tayari, ametoka bara, ana suruali za kaki zilizopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, ana sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Akapangiwa sekondari yetu huku chini, upande wa Mnazi Bay, karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini, akafundisha jiografia miaka tisa. Tulimwita Mwalimu, kana kwamba wale wengine walikuwa wapishi. Jina lake ninalijua ila silitaji, kwa sababu na yeye hakuwahi kulitaja langu.

Nitamweleza nilivyomjua. Ubaya ukizidi wema msinilaumu mimi, si mimi niliyemtengeneza. Miaka kumi na mmoja nilimngoja mtu huyu aseme neno moja tu: nilikosea. Neno lenyewe lilimhusu mama yangu, aliyekufa maji mchana kweupe katika kipindi cha jiografia. Nitafika huko. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, msije mkadhani ninamsema mlevi au mvivu.

Kwake sisi tulikuwa namba. Mimi, msichana mwenye jina langu, nilikuwa Kumi na Saba. Alisema nyota ni nyingi mno kupewa majina, ndiyo maana wataalamu wanazipa namba, na kama nyota nzima inaridhika na namba, basi mtoto wa mkulima wa mihogo wa Mahurunga hana sababu ya kununa. Asubuhi alisimama mlangoni, akamchagua mmoja wetu kwa kidole.

"Wewe ni nani?"

Ole wako utaje jina. Jibu lilikuwa, "Si kitu, Mwalimu."

"Unaishi wapi?"

"Juu ya vumbi linalozunguka moto."

"Nani anakujua?"

"Hakuna."

"Kaa."

Aliyeshindwa kujibu alibaki amesimama kipindi kizima. Hakuwa mchapaji, hilo niseme. Fimbo aliiona ni kazi ya watu wasiojua kusema. Yeye alikuwa na ulimi, na ulimi wake ulikuwa unakupata hata umejificha dawati la nyuma.

Wazazi walilalamika, haikosi. Baba mmoja wa Mahurunga alikuja na kanzu yake mpaka ofisini: mtoto wangu anafundishwa kwamba hakuna amjuaye, na Mwenyezi Mungu je? Mwalimu alimkaribisha kiti, akamwamkia kwa adabu, akamwambia, "Mzee wangu, Mungu yuko Ijumaa, kipindi cha dini, kwa mwalimu mwingine. Mimi nimepewa jiografia." Mzee akaondoka hajui kama ametukanwa au amejibiwa. Na huyo huyo Mwalimu, Jumapili ungemsikia kanisani kwao anaimba sauti ya chini mpaka mabati yanatetemeka, macho ameyafumba. Tulimchungulia dirishani, sisi watoto wa Kiislamu, tukidhani tutamkamata anacheka. Wapi! Alikuwa anaimba kwa moyo wake wote.

Mama alipokisikia kile kibwagizo chetu nyumbani, nikijifanyia mazoezi jikoni, aliweka mwiko chini. "Si kitu?" akasema. "Kitu gani hicho basi kinachonimalizia ugali kila siku?"

Mama alikuwa mchokoaji wa pweza. Asiyejua kazi hiyo nitamwambia: maji yakipwa sana, yaani bahari ikirudi nyuma, mwamba unabaki wazi, na wanawake wanautembelea na fimbo ya chuma, wanachokoa mashimoni, pweza anatoka. Maji hupwa hivyo siku za bamvua tu, mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu. Mama hakujua kusoma, lakini alifunga fundo kwenye pindo la kanga kila siku tangu mwezi uandame, na kwa mafundo hayo alijua leo mwamba utaonekana saa ngapi na utafunikwa saa ngapi. Sikumwona akikosea. Wenzake walimuuliza yeye kabla ya kushuka.

Siku moja Mwalimu aliuliza bahari inajaa na kupwa kwa nini. Nikanyoosha mkono haraka, nikasema, "Mama anasema mwezi unayaita maji."

"Unayaita!" akasema. "Kwa simu, au unapiga mluzi?"

Darasa likavunjika mbavu. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, na mimi nimesimama. Kisha akafundisha, na jamani, alifundisha. Alieleza jinsi mwezi ulivyo jiwe tupu, halina maji hata tone, limening'inia hewani bila kamba, na bado linanyanyua bahari yote kwa kuivuta tu. Kwamba linavuta na mawe, linavuta na ardhi tuliyoikalia, ila mawe ni magumu hayaonyeshi. Nilisahau kwamba nilikuwa nimeaibishwa. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia Mama, naye akanisikiliza huku anampiga pweza kwenye jiwe ili alainike. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo unayaita."

Ndiyo shida yangu na mtu huyu. Angekuwa mjinga ningemsahau zamani.

Somo lake la boga mpaka leo watu waliosoma pale wanalisimulia. Aliweka boga chini ya mlingoti wa bendera, akasema hili ni jua. Akahesabu hatua, akaniita, akaniwekea kiganjani punje moja ya ufuta. "Hii dunia. Bahari yako iko humo, Msumbiji imo, Makka imo, na kijijini kwenu kumo na mbuzi wao." Mwenzetu mmoja akapewa ndimu, sayari kubwa kuliko zote, akapelekwa mbali kule kwenye mikorosho. Wa mwisho akapewa kunde, sayari ya mbali kabisa, akaambiwa atembee hadi kisimani, ambako hatukumwona tena. "Na nyota iliyo jirani yetu kabisa," akasema, "ni boga lingine, na boga hilo liko Ulaya. Kati ya hapa na huko hakuna kitu. Hamna hata ufuta."

Sijui nilishtuka nini, kiganja kikafunguka, punje ikaanguka mchangani.

"Kumi na Saba ameangusha dunia," akasema. "Itafute."

Nilitafuta kwa magoti, juani, mpaka kengele ya kutoka. Wenzangu walipita pembeni wanaenda zao nyumbani. Yule wa kunde alisahauliwa kisimani hadi alasiri, akarudi analia. Mwalimu alinikuta bado nachambua mchanga, akachuchumaa mbele yangu, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia, "Sasa umejua ilivyo ndogo. Wenzako wameisikia tu." Akaniacha hapo.

Alikuwa na kuku mmoja kilema, jike, aliyemwita Mheshimiwa. Kuku huyo ndiye kiumbe pekee aliyepata jina kwake. Alimpasulia dagaa kwa kucha, akamweleza mambo ya siku, akamshika mguu ule mbovu akaunyoosha. Mtu akimuuliza, anasema, "Huyu hajui kwamba hajui. Hana kosa." Sisi tulikuwa na kosa, kwa kuwa tulikuwa na uwezo wa kujua.

Na siku mwezi ulipolimega jua alitutoa wote nje, akatusimamisha chini ya mkorosho mkubwa, akatukataza tusitazame juu. "Tazameni chini." Pale chini, kila upenyo wa majani ulikuwa umechora jua dogo mchangani, na kila jua lilikuwa limeliwa, limebaki hilali. Zilikuwa hilali maelfu, juu ya miguu yetu, juu ya sare zetu, zinatikisika upepo ukipita. Nilimwinulia macho Mwalimu nikaona machozi yanamtiririka, hayafuti, mdomo wazi kama mtoto. Akaniona ninamwona. Akanizaba kofi. Ndilo kofi pekee nililowahi kumwona akimpiga mtu, na nililipata mimi.

Basi mtu huyo ndiye aliyenipa saa. Nilikuwa wa kwanza katika mtihani wa muhula, akaniita mbele, akaivua saa yake ya mkono yenye mkanda wa ngozi, akanifunga yeye mwenyewe. "Kumi na Saba ameanza kujua kwamba hajui," akatangaza. Alikuwa amenunua simu ya kisasa, saa ya mkono hakuihitaji tena. "Saa ya mkono inakisia. Simu inaambiwa. Simu inaambiwa na mnara, mnara unaambiwa na setilaiti." Nililala na saa ile. Mama alininunulia kitambaa cha kuifutia.

Na mwezi huo huo alitufundisha saa za dunia. Alisema, "Vukeni huu mto wenu, ng'ambo ni Msumbiji, wako nyuma yetu saa moja. Mtu akivuka anapewa saa nzima bure, akirudi ananyang'anywa." Mmoja akauliza hiyo saa inawekwa wapi. Mwalimu akafurahi, ilikuwa nadra kufurahi. "Hakuna saa," akasema. "Kuna jua na kivuli. Saa ni mapatano ya watu wenye ofisi." Lishikeni hilo, kwamba alilijua na alilifundisha, na tulikuwa tumeliandika daftarini kwa imla yake.

Sasa nifike.

Ilikuwa kipupwe, mwezi wa siku nne, bamvua bado haijaisha. Alitaka kutupeleka kwenye fungu, ule mchanga unaotokea katikati ya maji karibu na mdomo wa mto bahari ikipwa. Alitaka uwanja tambarare, pasipo mti wala nyumba, tupime kivuli cha adhuhuri. Rafiki yake mwalimu huko bara angepima siku hiyo hiyo, na kwa vivuli viwili, alisema, tungepata ukubwa wa dunia nzima bila kutoka Mtwara. Sikulala kwa furaha. Kati ya fungu na ufukwe kuna mkondo, unavukika kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, na yakijaa unakuwa na nguvu ya kumburuta ng'ombe. Mwalimu alikuwa na jedwali la maji alilopewa na mtu wa bandarini: mkondo unavukika mpaka saa saba kasoro robo mchana. Asubuhi ile Mama alishika mafundo ya kanga yake akaniambia, "Kivuli kikianza kurefuka tu, mvuke. Msingoje. Mwambie mwalimu wako." Mama na jedwali walikubaliana kabisa.

Tulikuwa ishirini na watatu. Nusu walikuwa watoto wa mashambani wasiojua kuogelea. Mwalimu naye hakujua, mtu wa bara. Tulivuka maji yako kwenye magoti, tulipofika funguni simu yake ikalia. Akasoma ujumbe, akatuonyesha: Kireno. Mnara wa ng'ambo ulikuwa umeidaka simu, unamkaribisha Msumbiji. "Tumetoka nchini bila pasipoti," akasema, na sisi tukacheka sana, kwa kuwa hakuwa mtu wa mizaha.

Alisimika ufito mchangani. Kila dakika tano mmoja wetu aliweka simbi, ganda dogo la baharini, pale ncha ya kivuli ilipofika. Simbi zilisogea zikikaribia ufito, kivuli kinapungua. Kivuli kitakapokuwa kifupi kuliko vyote, hapo jua limefika juu kabisa, na alishapiga hesabu kwamba kwetu itakuwa saa sita na dakika ishirini. Akatazama simu, akasema, "Sasa saa nne na nusu. Tuna muda wa kutosha."

Nikatazama saa yangu. Saa tano na nusu.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, yangu inasema saa tano na nusu."

Alinitazama kitambo. Nilidhani anatafuta tusi. Kisha akasema, "Saa niliyokupa mimi, inataka kunifundisha mimi?" Wakacheka. "Irekebishe. Mbele yetu hapa, tukuone."

Nikavuta kile kipini cha pembeni, nikarudisha mshale nyuma saa moja nzima. Vidole vyangu hivi. Nikasema, "Tayari, Mwalimu."

Mnajua kilichofuata, jua halingoji simu. Kivuli kikafika ufupi wake, kikatulia, kikaanza kurefuka. Simbi inayofuata ikakaa mbali kidogo na ufito, na iliyofuata mbali zaidi. Kwetu sisi hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua maana yake, ndivyo tulivyofundishwa kuijua swala. Mvulana mmoja wa Mahurunga akasema, "Mwalimu, adhuhuri imeingia."

"Nani kakuuliza swala?"

"Kivuli, Mwalimu. Kimerudi."

Simu ilisema saa tano na dakika ishirini na tano. Mwalimu akaziangalia simbi, akaangalia simu, akatuangalia sisi tunaomwangalia. "Mmeziweka ovyo," akasema. Akazipiga teke. "Anzeni upya. Adhuhuri bado saa nzima."

Tukaanza upya. Ng'ambo ya mkondo, upande wa ufukweni, mwanamke alikuwa amesimama anapunga kanga. Alikuwa ameshatoka mwambani, mzigo wake wa pweza uko chini, anapiga kelele upepo unazichukua. Nilimjua kwa namna alivyosimama.

"Yule anataka nini?" Mwalimu akauliza.

"Ni Mama. Anasema turudi."

"Mwambie hatuuzi pweza."

Jamani, nilicheka. Nilitaka wanione nacheka nao.

Maji ndiyo yaliyotutoa. Yalikuja kimya, yakachukua simbi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mpangilio tuliouweka. Tulipofika mkondoni ulikuwa vifuani na unakimbia. Wasiojua kuogelea wakaanza kulia. Mama akaingia. Alisimika ile fimbo yake ya chuma pale kwenye kina, akaishikilia kwa mkono mmoja, akajifanya nguzo, na kwa mkono mwingine akatupitisha mmoja mmoja, anakudaka, anakusukuma upande wa pili, anakutukana ukilegea. "Kanyaga! Wewe, kanyaga!" Aliniambia na mimi hivyo hivyo, sikupata upendeleo. Tulivuka wote ishirini na watatu. Wa mwisho alikuwa Mwalimu. Hakumshika mkono, alimkumbatia shingo. Tuliona vichwa vyao viwili, kisha kimoja, kisha Mama akamsukumia kwetu, tukamvuta kwa shati. Tulipogeuka kutazama, fimbo ilikuwa imesimama peke yake. Halafu nayo ikalala.

Mama alipatikana siku ya pili, ng'ambo ya mdomo wa mto. Wakatuletea, akaoshwa, akazikwa. Ile saa ilikuwa imeingia maji na kufa. Niliitupa baharini.

Mwalimu alikuja msibani. Alivua viatu, akakaa jamvini na wanaume, suruali yake imepigwa pasi. Nilimpelekea kahawa kwa makusudi. Nikainama nikamuuliza, "Mwalimu, ilikuwa saa ngapi?" Nilikuwa tayari kumsamehe hapo hapo, Mungu shahidi. Angesema tu.

Akaniambia, taratibu, kama anafundisha, "Bahari haikumjua mama yako, Kumi na Saba. Haikumchukia, haikumwona. Ukilielewa hilo hutalia."

Taarifa ya shule aliiandika yeye. Ilisema marehemu alikuwa anachokoa pweza akazidiwa na maji wakati wanafunzi wanarejea salama. Walihitaji mashahidi watatu. Niliweka sahihi, nilikuwa na miaka kumi na sita, na mimi ndiye niliyerudisha mshale nyuma. Nilidhani wakichunguza wataniona mimi. Mwaka haukuisha akahamishwa. Nilipata sifuri kidato cha nne, na sikujisumbua kurudia.

Miaka kumi na mmoja. Nipo Chikongola, Mtwara mjini, nakaanga pweza sokoni, nina wateja wangu. Mmoja ni mama mwenye nyumba kule nyuma ya maduka, mnene, mcheshi, anayemnunulia na mpangaji wake. Siku moja ananiambia, "Huyu mzee wangu mstaafu ananitesa. Kapigwa kiharusi, upande mmoja haupo, lakini ukigusa saa yake ya ukutani anabweka. Saa yenyewe mbovu, iko nyuma. Nikamwambia nikurekebishie, alilia machozi!" Akacheka. "Mwalimu gani hajui saa?"

Mafuta yalikuwa yanachemka, nikayaacha. Nikamwambia leo nitampelekea mwenyewe.

Chumba kilikuwa kisafi. Vitabu vimepangwa, kitanda kimoja, Mheshimiwa hakuwepo, bila shaka alishakufa. Suruali ya kaki imening'inia, haijapigwa pasi. Yeye amelala ameegemea mto, mdomo umevutwa upande mmoja. Juu ya kabati, mbele ya kitanda, saa ya ukutani.

"Shikamoo, Mwalimu." Mdomo una mazoea yake.

Alinitazama sana. "Kumi na Saba," akasema.

Nikaweka sahani. Sikukaa. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya miaka kumi na mmoja, na sikuhitaji hata neno lake moja, maana yeye ndiye aliyeanza.

"Ulipoinua mkono, nilijua." Maneno yalimtoka kwa shida, ametafuna kila moja. "Ule ujumbe wa Kireno. Nilihesabu kichwani pale pale. Nikasema, nitawatoa mapema. Nitasingizia jua kali. Halafu yule kijana akasema kivuli kimerudi. Wote mkanitazama."

"Ulijua?"

"Ningekubali mbele yenu, ningekuwa nani?"

"Si kitu, Mwalimu," nikamjibu.

Alifumba macho. Jicho moja lilifumba vizuri, lingine likabaki nusu. "Nilikosea," akasema.

Nililingoja neno hilo kuliko nilivyongoja mume. Lilipokuja lilikuwa dogo, tena halikuwa lenyewe. "Hukukosea," nikamwambia. "Anayekosea ni asiyejua. Mimi ndiye niliyekosea, nilirudisha saa nikidhani wewe unajua zaidi. Nimelala na jambo hilo miaka yote hiyo. Wewe ulikuwa nalo, ukaniachia nilibebe mimi."

Hapo msikitini wakaadhini adhuhuri. Nikatazama ukutani, saa tano na nusu.

"Kwa nini saa yako iko hivi?"

Aliinyooshea mkono wake mzima. Akaniambia kwamba kwa saa ile bado tuko funguni, kivuli hakijafika. Mama yangu yuko mwambani na fimbo yake. Kila siku adhana ikilia, akitazama saa, anakuwa na saa nzima mbele. Anatuambia tukusanye vitu. Anatuvusha. "Kila siku," akasema, "wote mnavuka. Na yeye."

Niwaambie ukweli, nilihisi huruma. Mtu aliyetufundisha kwamba hakuna saa, kuna jua na kivuli tu, amejifungia chumbani anaokoa watu kwa saa mbovu. Halafu nikamkumbuka Mama, ambaye hakuna siku hata moja niliyopewa saa nzima ya bure ya kumvusha. Nikavuta kiti.

"Usiiguse," akasema. "Kumi na Saba. Tafadhali."

Tafadhali! Sikuwahi kulisikia kwake. Nikaishusha ile saa, nikaikalisha mapajani mwangu, mbele ya macho yake, nikageuza mshale mbele polepole ili auone: saa sita kasoro, saa sita kamili, saa sita na dakika ishirini, saa sita na nusu. Nikaitundika juu kuliko ilivyokuwa, asipoweza kufika yeye wala fimbo yake ya kutembelea.

"Adhuhuri imeingia, Mwalimu. Maji yamekuja."

Alilia kwa sauti, upande mmoja wa uso. Na nilifurahi. Nikisema sikufurahi nitakuwa mwongo kama ile taarifa. Nilipokuwa mlangoni natafuta viatu, akaniita, safari hii bila namba.

"Mama yako," akasema, "aliitwa nani?"

Nilimsikia vizuri sana. Nikavaa viatu vyangu, nikarudi sokoni.